Kufuata Maranda

Kila mji wa pwani una saa yake ya kuonyesha mbao. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni alasiri, jua linapoingia vichochoroni kiubavu na kuzipa nakshi za milango kina na kivuli. Lamu ni asubuhi mapema, kabla mitaa haijajaa punda na watu, mafundi wanapofungua karakana zao na sauti ya randa ikaanza kusikika kutoka ndani. Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, mtu haangalii saa, hufuata maji. Yakitoka, vyombo hukaa juu ya mchanga na fundi akapata kuzunguka chini yake, tezo mkononi.

Msafiri apendaye mbao hupanga siku zake kwa saa hizo. Wenzake wakishuka kwenye boti huuliza hoteli iko wapi na ufuo uko wapi. Yeye huuliza mbao zinapasuliwa wapi. Swali hilo humpeleka nyuani, nyuma ya misikiti, kwenye mitaa ambayo ramani za wageni huiacha tupu. Mara nyingi pia humfikisha kwa mtu aliyeinama kazini ambaye yu tayari kuzungumza, maana ni wachache wanaomuuliza habari za kazi yake kwa dhati.

Ana kanuni moja tu: kila akionacho kimekamilika, hukitafutia mahali kinapotengenezwa. Makumbusho humwonyesha matokeo. Karakana humwonyesha maamuzi: kwa nini mti huu na si ule, kwa nini kiungo kimekatwa hivi, kwa nini upande huu umeachwa bila nakshi. Vikiangaliwa pamoja, kitu na kazi yake, ndipo useremala unapoonekana kwa ukubwa wake, na ndipo mji wenyewe unapoeleweka.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Milango yake iliyochongwa inahesabiwa kwa mamia, na mingi ingali kazini, ikifunguliwa na kufungwa kutwa na watoto wanaotumwa dukani. Mgeni anaweza kusimama mbele ya mmoja nusu saa nzima bila kulipa kiingilio.

Na nusu saa hiyo inahitajika. Kwanza kuna fremu: miimo miwili ya pembeni, kizingiti cha chini ambacho mtu hukivuka kwa kuinua mguu, na kizingiti cha juu, ambacho aghalabu ndicho kilichobeba nakshi nzito kuliko zote. Ndani ya fremu kuna mbao mbili, moja ikiitwa jike na nyingine dume, na katikati yake mfaa, ule mwimo mwembamba uliopigiliwa kwenye ubao mmoja ili ufunike ufa pale zinapokutana. Milango mingi ya zamani haina bawaba. Kila ubao huzunguka juu ya ncha zake zilizochomekwa katika matundu ya vizingiti. Pale juu mara nyingi pamechongwa aya ya Kurani, na pengine mwaka wa Hijra. Mwaka huo ni msaada mkubwa kwa mtazamaji. Mlango ulioandikwa 1300 ni wa kati ya Novemba 1882 na Novemba 1883, wakati uleule Sultani Barghash alipokuwa akilikamilisha jumba lake la Beit al-Ajaib.

Jicho likishazoea huanza kupambanua. Milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, yenye nakshi nyingi kwenye miimo na mbao zilizoachwa wazi, ni ya mtindo mkongwe wa Waarabu na Waswahili. Ile yenye tao juu, iliyojaa maua na majani yanayojikunja, ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19 kwa mkono wa mafundi wa Kihindi na ladha ya matajiri wa wakati ule. Na iko milango ya Kigujarati, iliyogawanywa katika vipande vya mraba, kila kimoja na kichwa cha shaba kilichochongoka. Wenyeji husimulia maana za nakshi: samaki ni riziki na uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema. Masimulizi hutofautiana mtaa kwa mtaa, na kuyasikiliza ni sehemu ya matembezi.

Kisha mtazamaji asogee karibu zaidi, mpaka pua inusie mbao. Katika sehemu zilizozama, ambako mkono wa kusugua haufiki, alama za patasi bado zipo. Kila alama ni pigo moja. Mahali fundi alipofuata mwelekeo wa nyuzi za mti, alama ni safi na zinang'aa kidogo. Alipolazimika kwenda kinyume chake, kwenye mzunguko wa ua, mapigo huwa mafupi na ya karibukaribu, kwa kuwa pale patasi ikisukumwa kwa pupa hung'oa kipande na kuharibu kazi ya siku nzima. Fundi huyo hakuandika jina lake popote. Tahadhari yake imebaki pale kwa zaidi ya miaka 100, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuiona.

Kutoka hapo, kanuni inamtaka atafute karakana. Zipo, ndani ya Mji Mkongwe na zaidi upande wa Ng'ambo, kwa sababu Zanzibar haijaacha kuchonga milango. Nyumba mpya na hoteli zinaiagiza, na makasha yaliyopigwa njumu za shaba nayo bado yana wanunuzi. Ubao hulazwa chini au juu ya vigogo, mchoro ukahamishwa kwa penseli, duara zikapigwa kwa bikari, kisha patasi na nyundo ya mti vikaanza. Mgeni akiangalia rundo la mbao mlangoni ataijua biashara ya visiwa hivi ilivyobadilika. Msaji wa zamani ulikuja kwa majahazi kutoka India. Leo fundi hutumia mninga na mvule kutoka bara, na mfenesi wa hapahapa, ambao ukipasuliwa huwa wa manjano kabla ya kukomaa rangi.

Mafundi wa namna hii si mapambo ya mji. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Jengo kama hilo halirudishwi kwa fedha peke yake. Lazima wawepo watu wanaojua kuunga boriti na kuchonga upya kipande kilichovunjika kikalingana na kilichobaki, na watu hao hawapatikani siku ya dharura kama hawakuwa wakifanya kazi siku zote kabla yake.

Lamu, iliyoingia katika orodha hiyohiyo ya UNESCO mwaka 2001, humfundisha msafiri kutazama juu. Dari za nyumba zake za mawe zimeshikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba. Mti wa mkoko unaofaa hauvuki sana mita tatu, hivyo vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka uani hadi ndani kabisa. Mtu anaweza kuzisoma habari nyingi za usanifu wa Waswahili, lakini akisimama katika makumbusho ya Nyumba ya Waswahili na kuhesabu boriti juu ya kichwa chake, atafahamu mara moja kwamba umbo la maisha ya ndani ya nyumba lilianzia kwenye mikoko ya mkondo wa bahari.

Boriti hizo zilisafiri mbali. Kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda chombo cha Wakuwait mwaka 1938 na kufuatana na mabaharia wake mpaka Rufiji, wakapakia boriti kwa wiki kadhaa kwenye matope kabla ya kurudi kaskazini. Kwa hiyo msafiri wa mbao akiingia nyumba ya zamani huko Ghuba na kukuta dari ya vijiti vyekundu vyekundu, huenda anatazama msitu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Katika Usita wa Mui, barabara kuu ya Lamu, na kando ya forodha, karakana ziko wazi na kazi hufanyika mbele ya mpitaji: milango, vitanda, mbuzi za kukunia nazi, vioo vyenye fremu za nakshi. Lakini kitu cha kutafutwa kwanza hapa ni kiti cha enzi. Makumbusho ya Lamu yanacho, na Fort Jesus kule Mombasa pia. Ni kiti cha mpingo, kirefu cha mgongo, kilichonyooka kila upande, na mbao zake zimetiwa vipande vya pembe ya ndovu. Mgongo na kikalio vimesukwa kwa kamba nyembamba. Hakina mkunjo hata mmoja wa kumbembeleza mkaaji. Kilitengenezwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, akae wima, aonekane. Mafundi wa Lamu bado huunda viti vya umbo hilohilo kwa mbao nyingine na bila pembe, na anayekiona kimoja kikiwa bado vipandevipande sakafuni hushangaa jinsi kazi ngumu ilivyo kwenye viungo, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki kamwe kitu kikishasimama.

Mwenye siku za ziada avuke mpaka kisiwa cha Pate, afike Siyu. Kwa karne kadhaa mji huu mdogo ulisifika kwa kazi za mkono: ngozi, nakala za Kurani zilizoandikwa na kupambwa kwa kalamu, na uchongaji wa mbao wenye mtindo wake. Nakshi ya Siyu ni ya kukata vijipande vidogo vya pembe kali, ikafanya safu za maumbo ya kijiometri, tofauti kabisa na maua ya Unguja. Leo ngome yake imesimama mbele ya maji na mji umenyamaza. Anayefika baada ya kuiona nakshi yenyewe kwenye milango ya Lamu atakuwa anajua kilichomleta.

Kisha kuna vyombo. Hakuna kazi ya mbao pwani hii iliyo kubwa kuliko kuunda chombo cha baharini, wala hakuna inayomruhusu mgeni kuitazama kwa uwazi zaidi. Nungwi huiunda ufuoni. Kisiwani Lamu, kijiji cha Matondoni kimejulikana kwa kazi hiyo kwa vizazi, na Kizingitini kule Pate nako wapo. Hapana ukuta wala lango. Kuna mkuku uliolazwa juu ya magogo, na kuuzunguka, chini ya makuti, wanaume wanaofanya kazi bila ramani ya karatasi.

Hilo la karatasi ndilo huwashangaza maseremala kutoka nchi nyingine. Fundi mkuu anazo hesabu zake: urefu wa mkuku ndio unaozaa upana wa tumbo, na upana ndio unaozaa urefu wa mlingoti. Mengine yamo machoni. Mataruma, zile mbavu zinazobeba mbao za ubavuni, hayakunjwi kwa mvuke wala kuungwa kwa gundi, hutafutwa msituni. Fundi hutembea akiangalia matawi yaliyojikunja yenyewe, kwa sababu nyuzi za tawi lililokua limepinda zimepinda pamoja nalo, na taruma lake halivunjiki wimbi linapopiga. Mbambakofi hupendwa kwa mbao na mataruma. Mwembe nao una kazi zake, hasa kwa ngalawa inayochimbwa kutoka gogo moja.

Anayetaka kuona ustadi kwa karibu atazame tezo. Ni chombo cha kale, ubapa wa chuma uliofungwa kwa mkingamo kwenye mpini. Fundi husimama juu ya ubao, miguu wazi, na kupiga kuelekea kwenye vidole vyake mwenyewe. Kila pigo huondoa chembe nyembamba kama ganda la kitunguu, na pigo linalofuata huanza pale hasa lile la kwanza lilipoishia. Akimaliza mstari, hupitisha kiganja. Asiporidhika hurudia, na asiporidhika tena huuinua ubao, akautia mahali pake kwenye chombo, akaangalia mwanga unapenya wapi, akaushusha na kupunguza pale tu. Ubao mmoja unaweza kupandishwa na kushushwa hivyo mara nyingi. Kijana anayeushikilia upande wa pili ndiye mwanafunzi, na somo lake lote ni kuangalia mahali penye mwanga.

Mbao zikishakaa, matundu hutobolewa, kazi iliyofanywa kwa keekee na uta wake mpaka drili za umeme zilipofika, na misumari ikapigwa. Halafu pamba iliyotiwa mafuta huingizwa kwenye maungo kwa patasi butu na nyundo. Hiyo ndiyo kalafati, na sauti yake, ya haraka na ya mlingano, husikika kabla chombo hakijaonekana. Msafiri asiyejua njia aifuate tu. Chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kuzuia viumbe wanaotoboa mbao. Kukishua chombo baharini husubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida, na wanakijiji huitwa kuvuta. Mwenye bahati ya kufika siku kama hiyo avue viatu ashike kamba. Hakuna atakayemuuliza ametoka wapi.

Mpaka miongo ya mwanzo ya karne iliyopita, pwani hii ilikuwa na chombo kingine, mtepe, ambacho hakikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mifano yake midogo imo katika makumbusho ya Lamu na Fort Jesus, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtepe mzima uliundwa na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Kwa mtepe, kanuni ya kutafuta mahali pa kazi inagonga mwamba, kwa kuwa hakuna kijiji kinachoushona leo.

Hata hivyo njia haikukatika. Inapita Oman. Mji wa Sur, kusini mashariki mwa Muscat, uliunda kwa msaji wa India vyombo vilivyofanya biashara na Zanzibar, na yadi yake ingali inafanya kazi. Karibu na hapo imehifadhiwa Fath al-Khair, meli ya aina ya ghanja iliyoundwa Sur mwaka 1951, ikauzwa nje, kisha wenyeji wakainunua na kuirudisha nyumbani mwaka 1993. Mwandishi Tim Severin aliiunda meli yake ya kushonwa, Sohar, mjini humo mwaka 1980, akaifikisha China mwaka uliofuata. Leo imewekwa kwenye mzunguko wa barabara jirani na hoteli ya Al Bustan Palace, Muscat, na yeyote anaweza kuziona kamba zake.

Miaka 30 hivi baadaye Oman iliunda nyingine, Jewel of Muscat, kwa kufuata meli ya karne ya 9 ambayo mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Watafiti walipoichunguza ile ya kale waligundua kwamba sehemu kubwa ya mbao zake ni mti wa Afrika, ndugu wa karibu wa mbambakofi wetu. Basi waundaji wa meli mpya walileta mti huohuo kutoka Ghana, wakaushona, na mwaka 2010 ikasafiri hadi Singapore. Mzalendo wa pwani akiisikia habari hiyo ana haki ya kujivuna kidogo: mti wa Afrika ulishafika Bahari ya China zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ukishikiliwa kwa kamba.

Mbao za bara zina barabara zake. Dar es Salaam, msafiri aanze na Makumbusho ya Taifa, kisha aende Mwenge, kwenye soko la vinyago. Wamakonde waliovuka Mto Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, walikuja na uchongaji wao, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Samaki Likankoa akaanzisha mtindo wa shetani: viumbe wenye jicho moja, viungo vilivyonyumbuka, matundu mahali panapotegemewa mwili. Mtindo wa ujamaa ni mwingine, gogo moja lililojaa watu waliobebana kutoka mizizi hadi kilele, kila uso tofauti. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwachukua mashetani hao kutoka mbao hadi kwenye rangi na turubai, na kazi zake zikaonyeshwa Ulaya na Marekani.

Pale Mwenge maduka yako mbele na wachongaji nyuma. Apite nyuma, baada ya kupiga hodi. Salamu kwanza, shikamoo kwa mzee, pole na kazi kwa kijana, halafu swali moja linalofungua mazungumzo kuliko yote: mti gani huu? Mchongaji wa mpingo huwa na furaha kueleza. Tabaka la nje la mti, chini ya gome, ni la rangi ya maziwa, moyo wake mweusi wenye mishipa ya zambarau, na ukitupwa majini huzama. Vinyago vya mti mwepesi uliopakwa dawa ya viatu vipo pia sokoni, na njia ya kuvitambua ni kukishika kitu mkononi na kuutazama mpasuko wake chini, kwenye kitako, ambako rangi haikufika.

Kenya ina historia inayoungana na hiyo. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alikuwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza uchongaji huko, na aliporudi kwao aliwafundisha jamaa zake. Kazi hiyo ikaenea kijijini, kisha ikashuka hadi Mombasa, ambako ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulianzishwa Changamwe mwaka 1963. Mgeni anayetembelea vibanda vyao huona kinyago kikipita mikono kadhaa: mmoja anakata gogo kwa tezo, mwingine anatoa umbo, mwingine anasugua msasa. Muhugu, mti uliotumika kwa miaka mingi, uliadimika kwa kukatwa, na wengi wakageukia mwembe na mwarobaini, miti inayopandwa mashambani. Mabadiliko hayo yaliwadai mafundi wajifunze upya uzito, ufa na ukaukaji wa mti usiozoeleka, na waliyaweza.

Asidharau pia kazi ya kila siku. Keko, Dar es Salaam, na ukingo wa Ngong Road, Nairobi, makabati na vitanda hupangwa barabarani huku msumeno ukilia nyuma. Mpambire, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, ngoma huchongwa kutoka magogo kando ya lami, na ufundi wa huko umehudumia kasri la Buganda tangu zamani. Mahali kama hapa hapana maelezo ukutani. Pana bei, oda, mteja anayelalamika kwamba kitanda kimechelewa, na fundi anayejua hasa ni kwa nini mbao mbichi haiwezi kuharakishwa.

Kwa kuwa amependa mbao, msafiri ana wajibu wa kuufuata mti mpaka unakoota. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na zumari na klarineti za orkestra za dunia zinautegemea. Katika Wilaya ya Kilwa, wanavijiji waliokabidhiwa misitu yao waliunda mfumo wa kuhesabu miti, kupanga kiasi cha kuvuna na kuuza wenyewe, na mwaka 2009 wakapata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa jamii. Moshi, Sebastian Chuwa alikwisha kuanza mapema. Yeye na James Harris, mkereza mbao wa Texas, walianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo mwaka 1996, na mpaka alipofariki mwaka 2014 Chuwa alikuwa ameotesha na kugawa miche maelfu kwa maelfu, mingi ikipandwa na watoto wa shule.

Hata mnunuzi wa kinyago kimoja anaingia katika hesabu hiyo. Tangu Januari 2017 mpingo na karibu jamaa zake wote wamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Masharti yamelegezwa baadaye kwa bidhaa zilizokamilika zenye uzito mdogo, lakini kila nchi ina kanuni zake za mazao ya misitu, na busara ni kuomba risiti na kuuliza kuhusu kibali kabla ya kufika uwanja wa ndege. Kumlipa mchongaji bei inayolingana na siku alizotumia nako kunahifadhi msitu. Fundi anayepata kipato kizuri kwa kinyago kimoja hana haja ya kukata miti miwili ili aishi.

Baada ya Kilwa barabara ya kusini inaendelea hadi Lindi na Mtwara, kisha inapanda nyanda za Newala. Huko kuna mapiko, barakoa zinazochongwa kwa mti mwepesi na kukwanguliwa ndani mpaka ziwe nyembamba, mchezaji azivae kichwani na kucheza nazo wakati wa sherehe za jando. Soko la watalii liko mbali na anayeagiza ni jirani. Msafiri aliyeanza na milango ya Unguja atakuwa amezoea kuuliza mti na patasi. Newala ataongeza swali la tatu, ngoma inachezwa lini, na apange kurudi msimu huo.